Sundar, Radha na Gopal: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Filamu ya Sangam

Ukurasa huu ni wa wale waliotazama Sangam, filamu ya Kihindi ya Raj Kapoor ya mwaka 1964, wakabaki na maswali, na pia wa wale wanaowasikia wazee wakiitaja lakini wao hawajaiona. Kundi la pili lijihadhari: majibu haya hayafichi kitu, hata nani anakufa. Kama hutaki kuharibiwa uhondo, katazame kwanza kisha urudi.

Kwa ufupi, kisa chenyewe ni kipi?

Watoto watatu wanakua pamoja: Sundar, Radha na Gopal. Wakishakuwa watu wazima, Sundar anampenda Radha kupita kiasi wala hafichi. Moyo wa Radha uko kwa Gopal. Gopal naye anampenda Radha, ila anajua hali ya rafiki yake, basi anajikausha. Sundar anajiunga na jeshi la anga la India na kupewa kazi ya hatari ya kuwapelekea vifaa askari wanaopigana Kashmir. Kabla ya kuondoka anamwapisha Gopal kwamba hatamwacha mwanamume yeyote aingie kati yake na Radha. Kazi anaimaliza, ila ndege yake inaanguka. Anahesabiwa kuwa amekufa, na anatunukiwa Param Vir Chakra, nishani ya juu kabisa ya ushujaa vitani nchini India.

Wawili waliobaki wanaomboleza, na humo humo katika majonzi ndimi zao zinafunguka. Gopal anamwandikia Radha barua ya mapenzi bila kutia jina lake, na Radha anaificha. Mipango ya ndoa inaanza. Mara Sundar anarudi, mzima wa afya. Gopal anajiondoa, Sundar anamwoa Radha, wanakwenda fungate Ulaya, na kwa muda mambo ni matamu. Kisha Sundar anaiona ile barua. Hapo nyumba haikaliki tena, maana mume anataka jina la aliyeiandika na mke hasemi. Mwisho Radha anakimbilia kwa Gopal, na Sundar naye anakwenda huko huko kutafuta msaada, bila kujua kuwa mkewe yumo ndani. Gopal anakiri kwamba barua ni yake. Halafu anachukua bastola ya Sundar na kujiua.

Steringi ni nani hapa?

Kwa kanuni za vibanda vyetu vya sinema, steringi hafi. Tukienda kwa kanuni hiyo, steringi ni Sundar: anachezwa na Raj Kapoor, ambaye ndiye mwenye filamu, muongozaji na mhariri wake, na anaanguka na ndege akarudi na nishani. Lakini ukimwuliza mtazamaji alikuwa akimlilia nani, atakutajia Gopal, aliyechezwa na Rajendra Kumar kwa utulivu mkubwa mno. Huyu karibu filamu nzima anafanya kazi ya kuficha uso wake.

Jambo linaloitofautisha Sangam na picha nyingi za Kihindi za baadaye ni kwamba haina adui. Hakuna tajiri mwenye sharubu, hakuna mjomba mla mali ya yatima, hakuna mtu wa kumpiga ngumi mwishoni ili watu wapige makofi. Watu watatu wema, wanaopendana kweli, wanaumizana mpaka mmoja anakufa.

Kwa nini Gopal hakusema ukweli tangu mwanzo?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na mara nyingi linaulizwa kwa hasira. Jibu la haraka ni urafiki. Lakini Gopal alikuwa na nafasi tatu za kusema, na kila moja ina uzito wake, kwa hiyo tuzitazame mojamoja.

Nafasi ya kwanza ni pale Sundar anapoondoka. Sundar anamwachia Radha kama mtu anavyoacha amana kwa anayemwamini. Anayejua amana ni kitu gani anaelewa kwa nini Gopal hawezi kuikataa. Kukataa kungekuwa sawa na kukiri, na kukiri mbele ya mtu anayekwenda vitani kungekuwa ukatili. Tatizo ni kwamba kiapo kinasema mwanamume yeyote, na mwanamume wa kwanza anayehusika ni yeye mwenyewe Gopal. Sundar hajui kwamba amemweka mlinzi ambaye tayari ana ufunguo. Gopal anajua, anaapa, na kuanzia hapo kila atakachofanya kitakuwa ni kumvunjia mtu ahadi.

Nafasi ya pili ni Sundar anaporudi. Hapa ndipo watazamaji wengi wanapomtetea Gopal, na kibinadamu wana haki. Utamwambiaje mtu aliyetoka kaburini kwamba mchumba aliyekuwa akimwota umekwisha kumchukua wewe? Lakini hapa pana jambo ambalo filamu inalipita haraka nasi tunalipita nayo. Wakati huo Gopal hana ahadi moja, anazo mbili. Moja kamwekea Sundar. Nyingine kamwekea Radha, maana walishapendana waziwazi na walishaanza kupanga ndoa. Anapojiondoa hatoi mali yake tu. Anatoa na ya Radha, bila kumwuliza. Ahadi ya rafiki anaitimiza kwa kuivunja ahadi ya mpenzi, na filamu inatutaka tuite jambo hilo utukufu.

Nafasi ya tatu ni baada ya ndoa. Hapa Gopal yuko sahihi kunyamaza, na sina la kumlaumu. Mke wa mtu anasitiriwa. Hata Radha mwenyewe anamwomba faraghani akae mbali nao, kwa sababu kumwona kwake ni adhabu. Anayeharibu ni Sundar, bila kujua: kila mara anamvuta Gopal nyumbani na kumkalisha kati yao, kwa sababu furaha yake haijatimia rafiki yake asipoiona.

Basi huko ni kujitolea au ni woga?

Vyote viwili. Filamu inaonyesha kujitolea, na uso wa Rajendra Kumar unaonyesha woga. Ndiyo maana uigizaji wake hauchuji.

Kwa nini Radha alikubali kuolewa na mtu asiyempenda?

Tazama alivyobanwa. Wazazi wake hawakumtaka Sundar hapo awali, lakini Sundar aliyerudi ni shujaa wa taifa, na sasa wanamfurahia. Mwanamume anayempenda amejirudisha nyuma kimya kimya. Ili akatae posa ile, Radha angelazimika kusema kwamba anampenda mwingine, kisha amtaje mtu ambaye mwenyewe yuko radhi kuonekana si lolote kwake. Wangapi wangeliweza? Kunyamaza kwa Gopal kulimziba mdomo na Radha pia.

Wako wanaosema Radha alikuwa mnyonge. Mimi sikubali. Akishaolewa, yeye ndiye pekee kati ya watatu anayefanya uamuzi na kusimama nao: anaamua kuwa mke, anamwondoa Gopal moyoni kwa makusudi, na anamwambia Gopal usoni kwamba asimkaribie. Wanaume wawili wanaendelea kuimba urafiki, na yeye anaendesha nyumba.

Kwa nini hakuichoma ile barua? Si angewaokoa wote?

Angewaokoa, na filamu ingekwisha mapema kwa zaidi ya saa nzima. Lakini anayeuliza swali hili hajawahi kuandikiwa barua. Kile ndicho kitu pekee ambacho Radha alipewa kwa jina lake mwenyewe. Uchumba wake ulipangwa na kupanguliwa na wengine, lakini barua ilikuwa yake. Na haikuwa na jina la mtu, kwa hiyo huenda alijiona salama kuihifadhi.

Ukosefu wa jina ndio ujanja mkubwa wa mwandishi wa filamu, Inder Raj Anand. Barua yenye jina ingeleta ugomvi wa siku moja, ukaisha kwa talaka au kwa msamaha. Barua isiyo na jina inamfanya Sundar amshuku kila mwanamume duniani isipokuwa mmoja, na huyo mmoja ndiye anayemkimbilia kumlilia.

Je, hatimaye Radha alimpenda Sundar?

Swali gumu, na watu wanalijibu kulingana na ndoa walizozikuta kwao. Wazee wengi watakwambia ndiyo, mapenzi huja baada ya nikaha. Sehemu ya Ulaya inawapa hoja: Radha anacheka, anatania, anamkomoa mumewe kwa mapenzi. Katika hoteli ya Paris, Sundar anatamani kwenda kuangalia wanawake wakicheza kabareti na kumwacha mkewe chumbani. Radha anamzuia na kumchezea yeye mwenyewe, akiimba kwamba kapata mume mzee, afanyeje. Mwanamke asiyemtaka mumewe hajisumbui hivyo.

Maoni yangu ni kwamba alifika mahali pa kumpenda, na Sundar mwenyewe ndiye aliyepabomoa. Siku alipoiona barua hakumwuliza mkewe alikuwa nani kabla ya ndoa na ni nani sasa. Alidai jina tu. Alimtesa kwa jambo lililotokea wakati dunia nzima, serikali pamoja, ilikuwa imeshamtangaza yeye maiti.

Sundar ni mpenzi wa kweli au king'ang'anizi?

Kwa macho ya leo, king'ang'anizi, tena wa kuchosha. Radha haonyeshi kumtaka, na yeye hasikii. Kuna ule wimbo mashuhuri, Bol Radha Bol: Radha anaogelea ziwani, Sundar yuko juu ya mti na nguo zake, akipuliza zumari la mfuko na kumwuliza tena na tena kama watakutana au hawatakutana. Watazamaji wa Kihindi walikiona mara moja kisa cha Krishna, mungu wa Kihindu, na mabinti waliokuwa wakioga mtoni, kwa hiyo kwao lilikuwa tukio lenye baraka za hadithi za dini. Sisi wengine tunamwona kijana asiyetaka kurudisha nguo za watu.

Hata hivyo, haki yake apewe. Sundar hajawahi kumdanganya mtu yeyote katika filamu hii. Anachohisi anakisema papo hapo, kwa sauti, mbele ya kadamnasi. Wanaosema uongo, kwa nia njema, ni wale wawili wengine. Kwa hiyo anapogeuka mkali mwishoni, tunamchukia huku tukijua kwamba ni yeye peke yake aliyekuwa gizani.

Mito mitatu inahusianaje na hadithi?

Sangam ni makutano ya mito, na yanayokusudiwa ni ya Prayag, mji uliojulikana kwa miaka mingi kama Allahabad, ambako Ganga na Yamuna hukutana. Wahindu wanaamini kwamba upo mto wa tatu, Saraswati, unaoungana nayo pale pale lakini hauonekani kwa macho. Wimbo wa ziwani unaitaja Ganga ya moyo wangu na Yamuna ya moyo wako. Sundar anapouimba anahesabu mito miwili. Mtazamaji wa India anajua ni mitatu, na anajua kwamba mmoja wao sharti ufichike. Gopal, basi, hatima yake ilikwisha kuandikwa kwenye bango la filamu kabla hujakata tiketi.

Nyimbo zipi zinabeba hadithi, na zipi ni za kupitisha muda?

Muziki ni wa Shankar na Jaikishan, mashairi ni ya Shailendra na Hasrat Jaipuri, na ukizitoa nyimbo hutaelewa nusu ya mambo.

Har Dil Jo Pyar Karega wanaiimba wote watatu, kwa sauti za waimbaji wanaowaimbia waigizaji: Mukesh kwa Sundar, Lata Mangeshkar kwa Radha, Mahendra Kapoor kwa Gopal. Sikiliza jinsi kila mmoja anavyochukua beti lake. Wimbo ni ule ule, lakini Sundar anatangaza na Gopal anajifariji. Yale ambayo hawawezi kuambiana wakikaa kitako wanaambiana kwa kupokezana beti, na bado Sundar haelewi.

Yeh Mera Prem Patra ndiyo ile barua, imegeuzwa wimbo. Hapa Gopal anaimbiwa na Mohammed Rafi badala ya Mahendra Kapoor, akijibizana na Lata. Inasimuliwa kwamba Hasrat Jaipuri alianza kuyaandika maneno yake akiwa kijana Jaipur, kwa ajili ya msichana wa jirani aliyempenda, naye eti pia aliitwa Radha. Iwe kweli au imetiwa chumvi, wimbo una haya ya mtu anayeomba asikasirikiwe kwa kupenda. Kwangu hakuna bora kuliko huo humu ndani.

Halafu kuna Dost Dost Na Raha, maneno ya Shailendra, sauti ya Mukesh. Sundar yuko kwenye piano, na Gopal na Radha wanasikiliza. Anaimba kwamba rafiki hakubaki kuwa rafiki, mpenzi hakubaki kuwa mpenzi, na maisha nayo hayaaminiki tena. Tazama kamera inavyowafuata wasikilizaji wawili, si mwimbaji tu. Kila neno linawachoma, na hawana ruhusa hata ya kubadilisha mkao. Mtu anayetaka kujua uwezo wa Raj Kapoor kama muongozaji atazame dakika zile tu.

O Mehbooba ni ya kutongoza, tamu, basi. Wimbo wa Kijerumani na Kiingereza wa huko Ulaya unaweza kwenda kuchemsha chai.

Je, ilikuwa lazima Gopal afe?

Kwa kanuni ya filamu, ndiyo: mto wa tatu lazima upotee. Kwa akili ya kawaida, hapana, na hapa ndipo ninapogombana na Raj Kapoor. Gopal alipokiri, kazi iliyobaki ilikuwa ya watu wazima watatu kukaa chini na kuzungumza kwa mara ya kwanza maishani mwao. Badala yake anaamua tena peke yake, kama alivyoamua peke yake siku Sundar aliporudi. Mara ya kwanza alimtoa Radha. Mara ya pili anajitoa mwenyewe, na Radha anabaki na mume mwenye wivu na maiti ya mtu aliyempenda, tena akiwa katikati yao. Hakuna aliyemwuliza hata hapo.

Filamu inalichukulia tendo lile kuwa ndilo lililowapatanisha mume na mke. Wanabaki pamoja, ni kweli, lakini wanabaki matangani. Sijui ndoa ile iliishije mwaka uliofuata, wala sidhani Raj Kapoor alitaka tujiulize.

Ni kweli filamu ina urefu wa karibu saa nne?

Ndiyo, dakika 238, na ilikuwa na mapumziko mawili badala ya moja. Leo unaweza kuigawa kwa siku mbili bila dhambi. Sehemu nzuri ya kukatia ni baada ya harusi.

Hizo safari za Ulaya zilikuwa na haja?

Kwa hadithi, kiasi. Kwa biashara, sana. Sangam ni miongoni mwa filamu za kwanza za Kihindi kupigwa kwa kirefu nje ya nchi: London, Paris, Venice na Uswisi. Pia ndiyo filamu ya kwanza ya rangi ya Raj Kapoor. Mtazamaji wa 1964, ambaye hakuwa na njia ya kuyaona mashua ya Venice, alipata safari kwa bei ya tiketi. Sisi tulioyaona kwenye simu tangu utotoni tunahisi kama tunaonyeshwa albamu ya fungate ya watu. Baadaye sinema ya Kihindi iliigeuza milima ya Uswisi kuwa uwanja wake wa nyumbani, na Sangam ni mmoja wa walioifungua njia hiyo.

Je, ni kweli Gopal alikuwa achezwe na Dilip Kumar?

Ndivyo inavyosimuliwa. Raj Kapoor alikuwa na wazo hili tangu mwishoni mwa miaka ya 1940, kwa jina la Gharonda, wakicheza yeye, Dilip Kumar na mwigizaji wa kike Nargis. Halikutimia wakati huo. Lilipokuja kutimia, inasemekana Dilip Kumar aliombwa tena na hawakuafikiana, na nafasi ikaenda kwa Rajendra Kumar. Kwa maoni yangu ilikuwa heri. Dilip Kumar angeyabeba mateso ya Gopal kwa ufundi uliokubuhu mno, na Sundar angeonekana mpumbavu zaidi ya alivyo.

Wale watatu, kwa kweli, walikuwa wamekwisha kucheza pembetatu ya mapenzi pamoja katika Andaz ya Mehboob Khan, mwaka 1949. Huko pia Raj Kapoor ni mume mwenye wivu. Tofauti ni kwamba huko mwanamke ndiye anayeshika bunduki, anampiga risasi yule rafiki na kuishia jela. Kati ya 1949 na 1964 bastola ilihamia mkononi mwa rafiki mwenyewe.

Na Vyjayanthimala, aliyemcheza Radha, je? Kuna kisa kinachopendwa: Raj Kapoor alimpelekea simu ya maandishi Madras akimwuliza kwa maneno ya wimbo, sema Radha, makutano yatakuwepo au hayatakuwepo? Naye akajibu kwamba yatakuwepo, bila shaka.

Ilipata tuzo gani?

Tuzo nne za Filmfare, tuzo mashuhuri za sinema ya Kihindi: muongozaji bora na mhariri bora, zote kwa Raj Kapoor, mwigizaji bora wa kike kwa Vyjayanthimala, na ufundi wa sauti. Filamu bora ya mwaka ule ilikuwa Dosti, nayo pia ni ya urafiki, ya vijana wawili maskini wenye ulemavu. Haikuwa na nyota mkubwa hata mmoja. Na hata tuzo ya muziki Dosti ndiyo iliyoichukua, jambo ambalo wapenzi wa Shankar na Jaikishan hawajalisamehe.

Watu huilinganisha na Casablanca. Zinafanana kweli?

Zaidi ya unavyodhani. Katika Casablanca, filamu ya Kimarekani ya 1942, Ilsa anaambiwa mumewe Laszlo amekufa katika kambi ya Wanazi. Anampenda Rick huko Paris. Kisha inajulikana mume yu hai, na Ilsa anamwacha Rick kituo cha treni bila maelezo. Maiti aliyefufuka, mwanamke katikati, mwanamume mmoja anayejiondoa: mifupa ni ile ile.

Tofauti iko mahali pawili. Rick na Laszlo si marafiki. Rick anampandisha Ilsa ndege kwa sababu ya vita dhidi ya Wanazi, kitu kikubwa kuliko wao watatu, na hilo linamfanya mtazamaji akubali. Gopal anamtoa Radha kwa sababu ya Sundar tu. Pili, Ilsa mwenyewe alimwambia Rick awafikirie wote kwa pamoja, aamue yeye. Alikabidhi uamuzi, ingawa hakuupenda. Radha hakukabidhi chochote kwa mtu. Ukizitazama filamu hizi mbili wiki moja, jambo hilo la pili litakukaa kichwani.

Urefu wake nao: Casablanca haifikii hata nusu ya Sangam. Raj Kapoor hakuwa na haraka.

Kwa nini wazee wa pwani wanazijua sana filamu za Raj Kapoor?

Kwa sababu walikua nazo. Majestic pale Vuga, Unguja, pamoja na Avalon na Empire za Dar es Salaam, zilionyesha picha za Kihindi kwa miaka mingi, na Awaara ya 1951 iliwashika watu wa Zanzibar kuliko karibu filamu yoyote. Wengi hawakujua Kihindi. Mwenye kukijua alimfasiria jirani yake, na kilichobaki walikijua tayari: posa iliyoamuliwa na wazazi, mapenzi yasiyosemeka mbele ya wakubwa, heshima ya nyumba. Nyimbo nazo zilitoka ukumbini zikaingia kwenye taarab. Juma Bhalo wa Mombasa alijenga jina kubwa kwa kutia mashairi ya Kiswahili katika tuni za Kihindi, na wapo waliozijua tuni hizo kwa maneno yake kabla ya kuzisikia kwa Mukesh.

Ndiyo maana pia Sangam inaeleweka kwetu bila manukuu. Kanuni ya kwamba rafiki haingiliwi kwenye mapenzi yake, hata kama moyo wako unawaka, haikuhitaji kuletwa na meli.

Naweza kuitazama na watoto?

Wadogo watalala. Wakubwa kidogo waweza, ila jua kwamba inaishia kwa mtu kujiua na filamu inalionyesha hilo kama heshima, kwa hiyo kaeni mlizungumze.

Nikiipenda, nitazame nini baadaye?

Rudi nyuma kwanza: Awaara, kisha Shree 420 ya 1955, zote mbili Raj Kapoor akiwa na Nargis, nyeusi na nyeupe, na ngumu kuzishinda. Andaz kwa ajili ya kulinganisha. Ukitaka wazo hili hili la kumwachia rafiki mpenzi katika nguo za miaka ya 1990, ipo Saajan ya 1991, yenye Sanjay Dutt, Madhuri Dixit na Salman Khan, na humo walau hakuna anayekufa. Bobby ya 1973 ni nyepesi na ya vijana. Mera Naam Joker ya 1970 iache hadi sikukuu: nayo inafika saa nne, ina mapumziko mawili, na ilipotoka ilimtia Raj Kapoor hasara kubwa.